Mapigo ya Mkono wa Kushoto

Jumatatu kliniki ilifunguliwa saa moja na nusu asubuhi, na kufikia saa mbili mabenchi yote matatu ya varandani yalikuwa yamejaa. Benchi la kwanza lilikuwa la askari wenyewe, la pili la wake na watoto, na la tatu la wastaafu, ambao hawakuumwa sana ila walipenda kukaa mahali wanapoitwa kwa vyeo vyao. Kadi zilipokelewa dirishani na sajini mmoja mnene mwenye mwandiko mzuri, aliyeitwa Faili hata na mkewe. Faili alipanga kadi, akagonga meza mara moja, na Sista wa chumba namba tatu akaanza kazi.

Kazi yake ilikuwa ileile kwa miaka kumi na minne. Uzito, joto, presha, mapigo ya moyo. Kisha mgonjwa aliingia kwa daktari na karatasi yake mkononi. Hapakuwa na wodi. Ilikuwa kliniki ya wagonjwa wa nje, na aliyeingia kwa miguu yake alitarajiwa kutoka kwa miguu hiyohiyo.

Ukutani, juu ya meza ya Sista, palikuwa na tangazo la wino mwekundu, lililoandikwa kabla hajahamishiwa hapo: WAKE WA ASKARI WAPIMWE MAPIGO MKONO WA KULIA TU. Chini yake, kwa herufi ndogo, paliongezwa kwamba mkono wa kulia ukiwa na tatizo, mgonjwa apimwe shingoni.

Sababu yake ilijulikana na kila mtu kambini. Askari akitumwa mbali, mkono wa kushoto wa mkewe huacha kupiga mapigo ya mke na kuanza kupiga ya mume. Naye mume, huko aliko, hupata ya mke. Haukuwa ugonjwa, na hakuna aliyewahi kuja kliniki kulalamikia jambo hilo. Ulikuwa tu usumbufu wa karatasi: mwanamke ametulia kitini, anaandikiwa mapigo mia na arobaini kwa kuwa mumewe yuko mbio mahali fulani na mzigo mgongoni.

Watu walilifanyia utani. Kulikuwa na dereva wa lori aliyewahi kuomba ruhusa ya dharura kwa sababu mkono wake ulikwenda mbio kila siku saa nane mchana, naye akataka kujua mkewe anafanya nini saa nane mchana, na nani. Alipofika alimkuta mkewe juu ya paa akiziba bati, akakabidhiwa nyundo amalizie. Kulikuwa pia na mpishi wa mesi mwenye wake wawili. Kila alipokuwa safarini, mkono wake wa kushoto ulipiga ovyo, na kwenye kadi yake daktari wa huko alikuwa akiandika: haisomeki.

Mume akifa, mkono wa kushoto wa mke hunyamaza. Unabaki na joto lake, unafua na kubeba kama kawaida, lakini ukiweka vidole penye mshipa hakuna kinachopiga. Wajane wote wa kambi walikuwa na mkono mmoja kimya. Sista naye alikuwa nao, huu mwaka wa kumi na moja.

Jumatatu hiyo mgonjwa wa tisa alikuwa Mama Pacha. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, mjane wa koplo mmoja wa mawasiliano, mtu wa redio, aliyerudishwa katika sanduku lililofungwa kutoka ng'ambo ya mpaka na kuzikwa kwa heshima zote miezi minne iliyopita. Mwisho wa mwezi alitakiwa awe ameondoka katika nyumba ya kota. Alikuwa akifungasha vyombo huku amebandika maji jikoni, akajimwagia, na sasa mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji kuanzia vidoleni hadi kiwikoni.

Varandani watoto walikuwa wakilia, na Faili alikuwa ameshagonga meza mara ya pili. Sista hakulitazama tangazo. Alishika mkono uliokuwa wazi, akatazama saa iliyobanwa kifuani, akahesabu, akaandika: hamsini na nane. Kalamu ikabaki juu ya karatasi.

Akahesabu tena. Hamsini na nane, mapigo ya mtu aliyelala chali. Akahamisha vidole hadi shingoni mwa Mama Pacha, akapata tisini na mbili.

"Mama Pacha," akasema, "mkono huu unapiga."

"Najua, dada."

"Tangu lini?"

"Haujawahi kuacha. Waliokuja matangani niliwaambia, wakasema ni mazoea. Nikaona nikiendelea kusema, wataniona nimechanganyikiwa. Nikanyamaza."

Mazoea lilikuwa neno la kikazi. Ndani ya mlango wa kabati la dawa palibandikwa waraka wa zamani kutoka makao makuu, uliosema kwamba baada ya kifo cha askari, mkono wa kushoto wa mjane unaweza kuendelea kupiga kwa mazoea, kwa muda usiozidi siku arobaini, na kwamba mapigo hayo yasiandikwe. Sista alihesabu kwenye kalenda ya ukutani. Tangu siku ya maziko zilikuwa siku mia moja ishirini na mbili.

Akamwita daktari. Alikuwa kapteni, kijana mwenye miwani, asiyependa kusema sana kabla ya saa nne. Akaketi, akashika mkono wa Mama Pacha, akahesabu dakika nzima, kisha dakika nyingine nzima.

"Andika," akamwambia Sista.

"Fomu ina nafasi moja."

"Chora nyingine."

Sista akachukua rula, akachora safu ya pili. Fomu ikagongwa muhuri na kupelekwa makao makuu pamoja na barua ya daktari, na Mama Pacha akabadilishiwa bendeji na kwenda zake.

Baada ya siku kumi alikuja meja wa kumbukumbu. Alivua kofia, akaiweka juu ya mizani ya watoto, akaomba kuonyeshwa mkono. Alipima kwa saa yake mwenyewe, midomo ikicheza bila sauti. Alipomaliza, akaurudisha mkono ule mezani kwa upole, kama kitu cha kuazima.

"Yu hai," akasema, kama mtu anayesema mvua imekatika.

Mama Pacha akauliza watamleta lini.

Meja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameshauliza pacha wanasoma darasa la ngapi, na jibu aliliandika. Akaeleza kwamba kikosi kilirudi kimekamilika. Kilihesabiwa uwanjani, walio hai kwa miguu yao na waliokufa kwa masanduku yao, hesabu ikalingana na orodha, kamanda akatia sahihi, na orodha ikafungwa. Kamanda mwenyewe alikuwa ameshapandishwa cheo kwa ajili ya orodha hiyo. Sasa kumfuata mtu mahali ambapo, kwa maandishi, hakuna aliyebaki, hilo ni jambo lisilo na fomu.

"Na ndani ya lile sanduku tulimzika nani?" Mama Pacha akauliza.

Meja akachukua kofia. "Sanduku lilikuwa na uzito sahihi," akasema.

Alipokuwa akivaa kofia aliagiza kwamba Mama Pacha apimwe kila Jumatatu, mikono yote miwili, na karatasi zipelekwe kila mwisho wa mwezi. Kuhusu nyumba, alisikitika. Nyumba za kota ni za askari waliomo kwenye orodha. Mwisho wa mwezi Mama Pacha akahamia kwa dada yake, mtaa wa nyuma ya uzio wa kambi, na pale getini akaandikiwa kibali cha mgonjwa wa nje.

Jumatatu zikafuatana. Mwanzoni Sista alimpima asubuhi tu, kama wengine, akapata hamsini na nane, hamsini na sita, sitini. Halafu Jumatatu moja ya mvua, wagonjwa wakiwa wachache, akamwomba abaki kutwa. Mama Pacha akakaa kando ya meza, akaweka mkono wa kushoto juu ya taulo, na Sista akawa anaupima kila nusu saa katikati ya wagonjwa wengine. Saa tano mapigo yalipanda kidogo, kama ya mtu anayetembea. Saa saba yalishuka. Saa tisa yalikuwa hamsini na tano, na Mama Pacha akasema amelala huyo, siku zote hulala akishakula.

Saa kumi na dakika kumi yalifika mia moja thelathini na sita.

Hayakupanda, yaliruka. Yalikaa hapohapo nusu saa, kisha yakashuka polepole, kama ya mtu anayerudishwa alipotolewa na kuketishwa. Faili, aliyekuwa mlangoni na kadi za kesho, alisema labda waliomshika huko humpigisha gwaride. Mama Pacha akatikisa kichwa. Akikimbia moyo wake hupanda ngazi moja moja, akasema, anaujua, ameulalia kifuani miaka tisa. Huu haukuwa wa kukimbia.

Wiki iliyofuata ikawa vilevile, saa ileile, na nyingine ikawa hivyohivyo, na Mama Pacha akasema siku za katikati pia huusikia saa hiyohiyo. Sista aliandika namba zote kwenye safu aliyoichora. Mwisho wa mwezi karatasi zilikwenda, na baada ya wiki mbili zilirudi na muhuri wa bluu: IMEONWA.

Safu zilipoongezeka, karatasi za kawaida hazikutosha, na Sista akafungua kabati la chini kutafuta zenye mistari. Huko alikuta daftari la Sista Mkuu wa zamani, bibi aliyekwisha kustaafu. Ndani yake, kwa penseli, palikuwa na orodha ya namba za nyumba za kota, na mbele ya kila nyumba idadi ya siku. Juu ya ukurasa paliandikwa: Mazoea.

Nyumba nyingi zilikuwa na sifuri. Mikono yao ilikuwa imenyamaza siku ileile ya kifo. Chache zilikuwa na namba: saba, ishirini na sita, thelathini na tatu. Sista akamwomba Faili kitabu cha maziko, naye akamletea bila kuuliza, maana kazi yake ilikuwa kuleta vitabu. Wenye sifuri ndio ambao jamaa zao walioshwa na kuagwa nyuso zikiwa wazi. Wenye namba ndio waliopokea masanduku yaliyofungwa.

Nyumba namba arobaini na moja ilikuwa na kumi na tisa. Hiyo ilikuwa nyumba yake.

Alizikumbuka siku zile vizuri. Wiki ya kwanza alificha mkono chini ya shuka ili waliokuja kumpa pole wasione kwamba anahesabu. Mapigo yalikwenda mbio siku tatu, kisha yakawa mazito, kisha yakawa mepesi. Siku ya kumi na tisa, saa sita kasoro, alikuwa akisuuza vikombe vya wageni. Alisuuza kikombe kimoja mkono ukipiga, akachukua kingine, mkono haupigi. Alipokwenda kumwambia Sista Mkuu, yule bibi alimshika bega, akamwambia, "Yalikuwa mazoea, mwanangu. Sasa umeshazoea." Naye akamshukuru. Alikumbuka kwamba alimshukuru, na kwamba wiki moja baadaye alimpelekea mayai.

Akarudisha daftari mahali pake. Palikuwa na askari mwenye kikohozi anayesubiri, joto lake thelathini na nane na nusu.

Jumatatu iliyofuata, alipokuwa akifunga karatasi, Sista alimwambia Mama Pacha maneno machache tu.

"Wangu ulipiga siku kumi na tisa."

Mama Pacha akauliza, "Siku hizo ulifanya nini, dada?"

"Nilipokea wageni."

Kesho yake, saa sita adhuhuri, Mama Pacha alionekana kwenye uwanja wa mpira wa kambi, amejifunga kanga kiunoni, amevaa raba za shemeji yake. Akakimbia mzunguko mmoja, akasimama akapumua. Akakimbia wa pili, akasimama. Akakimbia wa tatu, akaenda nyumbani. Akafanya hivyo Jumatano, na Alhamisi, na Ijumaa, saa ileile, mara tatu tatu. Wastaafu wa benchi la tatu walihamia upande ule wa varanda uliotazama uwanja. Mmoja, sajini meja wa zamani, alimpigia kelele kwamba anakunja mikono vibaya. Kesho yake alisema amejirekebisha. Dada yake Mama Pacha alikuja kliniki peke yake kumuuliza daktari kama kuna dawa ya mambo hayo. Daktari akasema mazoezi ni mazuri kwa afya.

Jumatatu, Mama Pacha hakukimbia. Saa sita kasoro alikuwa chumba namba tatu, mkono wa kushoto juu ya taulo. Sista akaweka vidole. Sitini. Sitini na mbili. Saa sita ikafika, ikapita. Saa sita na dakika tano mapigo yakaanza kupanda ngazi moja moja hadi mia moja na kumi, yakashuka. Yakapanda tena, yakashuka. Yakapanda mara ya tatu, yakashuka, yakatulia.

"Mtu wa redio huyo," Mama Pacha akasema. "Hajawahi kuacha ujumbe bila kujibu. Hata wa mama yangu."

Kisha akafuta pua kwa bendeji ya mkono wa kulia, ambayo haikuwa na kazi nyingine tena kwani mkono ulikuwa karibu kupona. Sista akaandika saa na namba zote sita. Mwisho wa karatasi palikuwa na nafasi ya maoni, ambayo kwa miaka kumi na minne alikuwa akiiacha tupu. Akaandika humo neno moja: Amepokea.

Safari hii daktari hakungoja mwisho wa mwezi. Alituma karatasi kwa mkono wa dereva, na barua ya kurasa mbili, akieleza kwamba askari yu hai, ana akili zake timamu, na kila siku alasiri anatendewa jambo linalomtisha. Chini ya barua aliandika namba yake ya utumishi na namba ya simu ya kliniki. Siku nane nzima kila simu ya mezani ilipolia alikuwa akitoka chumbani kwake. Barua ilirudi na kurasa zake zote mbili, kila ukurasa na muhuri wake. IMEONWA. IMEONWA.

Mama Pacha alizisoma kurasa zile akiwa amesimama dirishani kwa Faili. Akamrudishia, Faili akazitoboa, akaziweka kwenye jalada.

"Dada," akamwambia Sista baadaye, "kama moyo wangu anaupata, basi saa kumi asiupate nikiwa nahangaika."

Sista alielewa. Kliniki ilifungwa saa tisa na nusu, lakini ufunguo wa chumba namba tatu ulikuwa wake. Tangu siku hiyo kila Jumatatu, wagonjwa wakishaondoka, Mama Pacha alivua viatu, akapanda kitanda cha kupimia, akalala chali, mikono ubavuni. Siku nyingine alilala hivyohivyo sakafuni kwa dada yake, na pacha walijua saa hiyo hawatakiwi kupiga kelele. Ilipofika saa kumi na dakika kumi, Sista aliketi kando yake, akahesabu mkono mmoja baada ya mwingine.

Haikuwa kazi rahisi. Wiki za kwanza mkono wa kushoto ulirukia mia moja thelathini na sita, na wa kulia nao ukaufuata hadi mia moja na kumi, kwa sababu Mama Pacha aliusikia. Sista akamfundisha kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, kama anavyowafundisha wajawazito. Wa kulia ukaja tisini. Ukaja themanini. Wiki ya saba ulikaa sitini na nne nusu saa nzima, bila kuyumba, huku wa kushoto ukigonga kama mtu anayebisha mlango. Wiki ya tisa wa kushoto haukufika mia moja na thelathini. Uliishia mia moja na ishirini. Wiki ya kumi na mbili ulikuwa mia moja na nne.

Chochote kilichofanywa huko saa kumi na dakika kumi kiliendelea kufanywa. Kilianza kwa wakati wake na kumalizika kwa wakati wake, na hakikukosa hata siku moja.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja tangu maziko, siku ya Jumatatu, gari la makao makuu lilileta fomu mpya, zilizochapwa vizuri, maboksi mawili. Zilikuwa na safu mbili za mapigo badala ya moja, kwa hiyo Sista hakuhitaji tena rula. Safu ya kwanza ilikuwa na kichwa: Kulia. Ya pili: Mazoea. Nafasi ya maoni haikuwepo. Pamoja na fomu ulikuja waraka mmoja mfupi uliosema kwamba muda wa mazoea ya mkono, ambao hapo awali ulikuwa siku arobaini, sasa hauna kikomo, na kila muuguzi atie sahihi kwamba ameusoma.

Faili alitoa pini za waraka wa zamani na kubandika mpya kwa pini hizohizo, kwenye matundu yaleyale. Akasogeza kitabu cha sahihi. Daktari akatia sahihi, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Sista alisoma waraka mara moja, kwa sauti ndogo, mpaka kwenye jina la aliyeutoa, ambaye alikuwa yule kamanda aliyepandishwa cheo. Akatia sahihi, na mbele yake, palipotakiwa tarehe, akaandika tarehe.

Akatazama saa ya kifuani. Ilikuwa saa kumi na dakika tano. Alipofungua mlango wa chumba namba tatu, Mama Pacha alikuwa ameshavua viatu.